Ronald Ngala wa Giriama

Mtu akiupa mji wa Mombasa kisogo na kwenda bara, huiona nchi ikiinuka kidogo kidogo, mpaka akafika katika vilima vyenye minazi mingi. Hiyo ndiyo nchi ya Kaloleni. Kama mgomba ulivyo kwa watu wa Buhaya, ndivyo ulivyo mnazi kwa watu wa huko: nazi yake hutiwa katika chakula, makuti yake huezekea nyumba, na tembo lake hunywewa arusini na matangani. Wenyeji ni Wagiriama. Kabila lao ni moja katika yale makabila tisa yaitwayo kwa jina moja Wamijikenda, maana yake watu wa miji tisa. Mji wao wa zamani huitwa kaya, nao ulijengwa katikati ya msitu mnene ili adui asiuone upesi. Watu walikwisha kutoka katika kaya hizo siku nyingi, lakini misitu yake ingali ikilindwa na wazee, wala haifai mtu kukata mti humo ovyo.

Katika nchi hiyo, mahali paitwapo Vishakani, alizaliwa Ronald Gideon Ngala, karibu na mwaka 1923.

Wazee waliomlea walikuwa wakikumbuka vita. Mwaka 1913 mwanamke mmoja, jina lake Mekatilili wa Menza, alizunguka nchi ya Giriama akiwaapisha watu wasiwatoe vijana wao kwenda kufanya kazi za Wazungu. Serikali ya Waingereza ikamkamata, ikampeleka mbali sana, mpaka Kisii, upande wa mashariki wa Ziwa hili hili la Viktoria. Mekatilili akatoroka huko, akarudi kwao kwa miguu, akipita nchi za watu asiojua lugha zao. Mwaka 1914 askari wakaiharibu Kaya Fungo kwa baruti, ndiyo kaya kuu ya Wagiriama; vita vikaanza, nao Wagiriama wakashindwa. Waliokaa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama, wakaacha mashamba yao yenye rutuba.

Tena kulikuwa na jambo jingine lililowachoma kuliko vita. Mwaka 1908 ilitolewa sheria ya hati za ardhi katika pwani. Aliyekuwa na maandishi au mashahidi wa kumsemea barazani aliandikiwa shamba. Asiyekuwa nao hakupata kitu. Basi Wamijikenda wengi wakaambiwa kwamba mashamba waliyoyalima ni mali ya mtu mwingine, nao ni maskwota tu, wakae kwa hisani yake. Mtoto wa Giriama aliyezaliwa baada ya mambo hayo alikua akiyasikia kila jioni. Mtu asiyeyajua hawezi kuelewa kwa nini Ngala, alipokuwa mtu mkubwa, alishikilia neno moja tu miaka mingi hata akachukiwa kwa ajili yake.

Wamisioni walikuwa wameingia nchi hiyo mapema. Dr. Krapf alifanya makao Rabai mwaka 1846, nako ni karibu na Kaloleni. Baadaye misioni ya Kaloleni ikajengwa, ikawa na shule na hospitali. Ngala alisoma huko, na kwa kuwa alikuwa na akili nyepesi, akapelekwa shule ya Alliance iliyoko Kikuyu, karibu na Nairobi. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1926, na siku zile ilikuwa kama mlango mwembamba: vijana wachache tu wa kila kabila waliweza kupita. Mtoto wa pwani aliyezoea joto na upepo wa bahari alijikuta katika baridi ya milimani, kati ya vijana wa Kikuyu, wa Nyanza na wa Ukambani ambao lugha zao zilikuwa ngeni masikioni mwake. Kutoka huko akaenda Makerere, katika Uganda, akapata cheti cha ualimu. Vijana wa Buhaya nao waliifuata njia hiyo ya Makerere miaka ile ile, wao wakivuka mto Kagera au wakipanda meli Bukoba.

Ngala akarudi pwani akafundisha. Alifanya kazi Kaloleni, na baadaye huko Mbale katika nchi ya Taita, kisha akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton katika mji wa Mombasa, na mwisho msimamizi wa shule za Mombasa. Kazi ya namna hiyo haina sifa nyingi. Mwalimu huhesabu watoto asubuhi, huhesabu chaki, huandika barua kuomba madawati, na jioni husuluhisha magomvi ya wazazi. Lakini kwa kazi hiyo alijulikana nyumba kwa nyumba. Mtu mwenye mtoto shuleni alimjua mwalimu Ngala, na aliyekuwa hana mtoto alisikia habari zake kwa jirani.

Mwaka 1949 kilipigwa chapa Nairobi kitabu chake kidogo cha Kiswahili, jina lake Nchi na Desturi za Wagiriama. Wakati ule habari za makabila mengi ya Afrika ziliandikwa na Wazungu, na mara nyingi mwenyeji alizisoma akacheka, au akaona haya. Huyu aliandika habari za watu wake mwenyewe, akiwa bado kijana, kwa lugha ambayo mtu wa kabila jingine angeweza kuisoma. Kama asingalifanya neno jingine lo lote maishani mwake, kitabu hicho kingalitosha kumfanya akumbukwe huko Giriama.

Hata ilipofika mwaka 1952 Kenya iliingia katika taabu kubwa. Vita vya Mau Mau vilianza katika nchi ya Wakikuyu. Jomo Kenyatta na wenzake wakafungwa, na vyama vya siasa vya Waafrika vya nchi nzima vikapigwa marufuku. Tangu mwaka 1955 Serikali iliruhusu vyama vya wilaya tu, kila wilaya na chake. Amri hiyo ilikuwa na matokeo yaliyodumu kuliko ile vita yenyewe, kwa sababu viongozi walijifunza siasa kila mtu katika kabila lake, wakakosa nafasi ya kuzoeana.

Mwezi wa Machi mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vyao vilikuwa vinane tu. Tena si kila mtu aliyepiga kura. Wenye elimu, mali au utumishi ndio waliopiga, na mwingine alipewa kura mbili au tatu kwa kadiri ya sifa zake. Kiti cha pwani akakipata mwalimu Ngala. Kati ya wale wanane walikuwamo Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Wengi wao walikuwa walimu, au walikuwa wamepata kufundisha.

Wale wanane walishikamana. Walikataa kupokea kazi za uwaziri, wakadai kwanza viti vya Waafrika viongezwe. Mwaka 1958 wakaongezewa sita. Ngala hakuwa msemaji wa kupiga meza. Mboya alikuwa na ulimi mkali na Odinga alikuwa na moto. Ngala alisema polepole, kwa upole, kama mtu anayeeleza hesabu ubaoni. Huenda ndiyo sababu walipokwenda London mwezi wa Januari mwaka 1960, kuhudhuria mkutano mkubwa katika jumba la Lancaster House, wenziwe walimchagua yeye awe kiongozi wao, na Mboya awe katibu.

Mkutano huo ulikaribia kuvunjika kabla ya kuanza. Waafrika walitaka Mbiyu Koinange, aliyekuwa akiishi ugenini miaka mingi, awe mshauri wao. Waingereza wakakataa kumwingiza. Basi Ngala na wenzake wakakaa nje, hawakuingia mkutanoni. Siku zikapita. Mwisho ikapatikana njia: Koinange akapewa kibali cha kuingia katika jumba, ila si katika chumba chenyewe cha mkutano. Jambo hilo kwa mtu wa mbali laonekana dogo, lakini waliohusika walijua kwamba anayekubali kuchaguliwa mshauri wake na mwingine amekwisha kushindwa. Mkutano ulipokwisha, Waafrika walikuwa wamepata ahadi ya viti vingi kuliko mataifa mengine yote katika Baraza. Walirudi nyumbani kwa eropleni wakapokewa kwa vigelegele.

Umoja huo haukudumu hata miezi sita. Katika miezi ya Machi na Mei mwaka 1960 viongozi walikutana Kiambu wakaunda chama cha KANU. Ngala hakuwapo, akachaguliwa kuwa mtunza hazina, na Moi msaidizi wake. Wote wawili wakakataa. Walitazama wakaona kwamba vyeo vikubwa vya chama kipya vimekwenda kwa watu wa makabila makubwa, Wakikuyu na Wajaluo. Makabila madogo yakaingiwa na hofu. Wamaasai na Wakalenjin waliogopa kwamba Wazungu wakiondoka katika mashamba ya Bonde la Ufa, watu wa makabila yenye watu wengi watayajaza. Wamijikenda nao walikuwa hawajasahau habari za Sabaki na za hati za mwaka 1908. Basi tarehe 25 Juni 1960, huko Ngong, vyama vyao vikaungana kuwa chama kimoja, KADU. Rais wake akawa Ronald Ngala, na makamu wake Masinde Muliro.

Hofu hiyo ilikuwa ya haki au haikuwa? Watu wangali wakibishana. Mtoto wa Buhaya anaweza kuitazama kwa mfano wa kwao. Zamani Kiziba, Kianja, Ihangiro, Karagwe na nyinginezo zilikuwa kila moja na mukama wake, na mtu wa nchi ndogo hakupenda kuamuliwa shamba lake na mukama wa nchi kubwa. Lakini pia mtu anayependa kutawala anaweza kuichochea hofu ya watu wake ili wamfuate. Katika KADU walikuwamo watu wa namna zote mbili, na Wazungu wengi wenye mashamba walikipenda chama hicho kwa sababu zao wenyewe. Jambo hilo halikumsaidia Ngala hata kidogo.

Likaja jaribu kubwa. Mwezi wa Februari mwaka 1961 uchaguzi ulifanywa. Katika viti vilivyoshindaniwa na vyama hivyo, KANU ikapata viti 19, na KADU 11. Na ukihesabu kura zenyewe, KANU ilipata kadiri ya mara nne ya kura za KADU. Lakini Kenyatta alikuwa bado kizuizini huko kaskazini. KANU ikasema haitaunda serikali mpaka Kenyatta afunguliwe. Na Gavana, Sir Patrick Renison, akasema hatamfungua kwanza. Wajumbe wa vyama vyote viwili wakaenda Lodwar, katika nchi ya jua kali na mchanga, wakaonana na mzee. Waliporudi, mambo yalikuwa yamekwama vile vile.

Ndipo Gavana akamwendea Ngala.

Akikataa, Waingereza wangeendelea kutawala peke yao, na uhuru ungechelewa. Akikubali, watu wangesema kwamba amekalia kiti ambacho wengine wamekikataa kwa heshima ya Kenyatta. Ngala akakubali, lakini akaweka sharti: Serikali ijenge nyumba ya Kenyatta katika nchi yake ya Kiambu, ili kazi ya kumrudisha ianze kuonekana kwa macho. Kwa msaada wa Wazungu wa chama cha Michael Blundell na wajumbe walioteuliwa na Gavana, akapata watu wa kutosha, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Barazani. Mtu wa kabila dogo la pwani, aliyekuwa akihesabu chaki Mombasa miaka michache kabla, sasa alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho katika Kenya.

Alitukanwa sana. Katika mikutano ya hadhara aliitwa kibaraka wa wakoloni. Nyumba ya Kenyatta ikajengwa Gatundu, naye Kenyatta akarudishwa kwao na kuwa huru mwezi wa Agosti mwaka 1961, wakati wa serikali hiyo hiyo ya Ngala. Watu waliojaa njiani kumshangilia mzee hawakumshangilia mwalimu wa Kaloleni. Kenyatta alijaribu kuvipatanisha vyama viwili. Aliposhindwa, akawa Rais wa KANU. Tangu siku ile Ngala alikuwa akishindana na mtu ambaye jina lake pekee lilijaza viwanja.

Mwaka 1962, kuanzia Februari hata Aprili, wakaenda tena Lancaster House. Huko Ngala akafikia kilele cha kazi yake. Neno lake lilikuwa majimbo. Alitaka Kenya igawanywe katika majimbo, kila jimbo liwe na baraza lake, rais wake, na mamlaka yake juu ya ardhi, shule za chini na mambo mengine ya wenyeji, na katiba izuie serikali ya Nairobi isiweze kuyanyang'anya majimbo mamlaka hayo kwa urahisi. KANU walitaka serikali moja yenye nguvu. Wakabishana majuma mengi. Mwisho KANU wakakubali majimbo, kwa kuwa waliona heri uhuru wa upesi kuliko mabishano marefu. Wakitumaini, kama wenyewe walivyokiri baadaye, kuyarekebisha mambo wakishakuwa na nguvu. Serikali ya vyama viwili ikaundwa, Kenyatta na Ngala wakawa mawaziri wawili wa mambo ya katiba, wakikaa meza moja.

Wakati huo huo kulikuwa na shauri la Mwambao. Ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi ulikuwa kwa sheria mali ya Sultani wa Unguja, na Waingereza walikuwa wakiutawala kwa mapatano naye tangu mwaka 1895. Waarabu na Waswahili kadha wa kadha walitaka ukanda huo ujitenge na Kenya, uwe nchi peke yake au urudi kwa Sultani. Ngala alipinga. Wamijikenda hawakuwa na hamu ya kuona watu wale wale walioandikiwa mashamba yao mwaka 1908 wakiwa serikali juu yao. Kwake yeye pwani ilikuwa sehemu ya Kenya, ila itawale mambo yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1963 serikali za Unguja na Kenya zikapatana, na ukanda ule ukaingia Kenya.

Uchaguzi wa mwezi wa Mei mwaka 1963 ulileta KANU katika ushindi mkubwa, na tarehe 1 Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu. KADU ilishika majimbo matatu: Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Ngala akawa Rais wa Jimbo la Pwani, makao yake Mombasa, na papo hapo akawa kiongozi wa upinzani katika Bunge la Nairobi. Moi akawa Rais wa Jimbo la Bonde la Ufa. Katiba ilikuwa imeandikwa kama alivyotaka. Majimbo saba yalikuwa katika ramani. Kila wilaya ilikuwa na mjumbe wake katika Baraza la Seneti.

Lakini fedha zilikuwa Nairobi. Majimbo yalitakiwa kupewa kazi zake hatua kwa hatua, na kila hatua ilicheleweshwa. Barua ziliandikwa, majibu hayakuja. Makarani walikuwa hawajahamishwa. Mamlaka ya polisi yalibaki kubishaniwa. Rais wa jimbo bila hazina ni kama mukama aliyepewa ngoma bila kupewa shamba. Mwezi wa Septemba mwaka 1963 kulikuwa na mkutano wa tatu London, na KANU wakapunguza nguvu za majimbo kabla uhuru haujafika. Watu wa KADU walikasirika hata wakanena habari za kuigawanya nchi. Hawakuigawanya. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru, na Ngala alikuwa upande wa pili wa Bunge, na wafuasi wake wakaanza kuhama mmoja mmoja kwenda kwa wenye serikali.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa kuhesabu waliobaki. Kila mbunge aliyehama aliahidi watu wake barabara na zahanati, na waliobaki na Ngala waliulizwa na wapiga kura wao wamepata nini. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba Kenya itakuwa jamhuri, na majimbo yataondolewa. Ngala angeweza kukaa katika upinzani na watu wachache mpaka abaki peke yake. Angeweza pia kuwachochea watu wa pwani, na bila shaka wengine wangalimfuata, kwa kuwa walikuwa na madai ya kweli. Alikumbuka labda mwisho wa vita vya mwaka 1914. Tarehe 10 Novemba 1964 alisimama katika Bunge akatangaza kwamba KADU imevunjwa, na wabunge wake wote wanaingia upande wa Serikali. Akavuka sakafu, akakaa. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Desemba, Kenya ikawa jamhuri, Kenyatta Rais wake, na nguvu za majimbo zikafutwa.

Baadhi ya watu wa pwani walisema amewauza. Wengine walisema ameepusha damu. Neno la pili lina uzito zaidi, ukitazama yaliyoipata nchi nyingine za Afrika zilizojaribu kujitenga miaka ile. Lakini si rahisi kumwambia hivyo mzee anayelima shamba ambalo hati yake iko sandukuni kwa mtu mwingine. Suala la ardhi ya pwani halikutatuliwa siku ile, wala baadaye katika maisha ya Ngala.

Alikaa kimya kadiri ya mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1966 KANU ilifanya mkutano Limuru na kuchagua makamu wa rais wa chama kwa kila mkoa, naye akachaguliwa kwa Pwani. Mwaka huo huo Kenyatta akamfanya Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii. Kazi ya ushirika ilimfaa mtu aliyezoea kuhesabu na kufundisha. Wakulima wa Bukoba wanajua mambo hayo tangu chama chao kikuu cha ushirika wa kahawa kilipoundwa mwaka 1950: mizani ikidanganya, mkulima hulia, karani akiiba, chama hufa. Kadhalika katika Kenya vilikuwako vyama vingi kwa jina, lakini hesabu zake zilikuwa za kutia shaka.

Mwaka 1969 akawa Waziri wa Nguvu za Umeme na Mawasiliano. Siku zile reli, bandari na posta za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa za mashirika ya pamoja ya Afrika Mashariki, hata ile meli ya Viktoria iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kutia nanga Bukoba. Hivyo mtu aliyepigana miaka mingi ili jimbo lake lijitawale alijikuta akishughulika na mambo yanayozifunga nchi tatu pamoja. Hakuonekana kuona ajabu. Siasa zake hazikuwa na makelele tena. Aliishi kama mzee wa pwani ambaye kila mbunge wa huko alipaswa kwanza kupita kwake.

Mwezi wa Desemba mwaka 1972 alikuwa katika motokaa katika barabara ya Mombasa na Nairobi. Karibu na Konza gari likaacha njia, akaumia vibaya. Ilielezwa kwamba nyuki waliingia ndani ya gari, dereva akashindwa kuliongoza. Baraza la uchunguzi likafanywa baadaye. Watu wengi wa pwani hawakuiamini habari ya nyuki, na mpaka leo ukitaja neno nyuki mbele ya mzee wa Giriama huenda akakutazama kwa jicho la kando. Ngala alilala hospitali siku kadha, akafa tarehe 25 Desemba, siku ya Noeli. Umri wake haukufika miaka hamsini, au ulikuwa umeifikia tu. Akazikwa kwao Vishakani, katika nchi ya minazi.

Mwanawe, Noah Katana Ngala, baadaye naye akawa mbunge na waziri. Barabara moja kubwa ya Nairobi, yenye mabasi mengi na watu wengi mchana kutwa, ilipewa jina la Ronald Ngala.

Neno la majimbo lilikaa miaka mingi likitajwa kama neno baya. Mwaka 2010 watu wa Kenya walipiga kura wakakubali katiba mpya. Katiba hiyo iliigawanya nchi katika kaunti 47, kila moja na baraza lake, gavana wake na fungu lake la fedha lililowekwa na sheria. Na kila kaunti ina mjumbe wake katika Seneti iliyorudishwa. Uchaguzi wa kwanza wa kaunti hizo ulifanywa mwezi wa Machi mwaka 2013. Kaloleni imo katika kaunti ya Kilifi.